Kimya Anafungua Pazia

Nyumbani, 2 Juni

Kimya anafungua pazia! Mdogo wangu, kama umesimama kaa kwanza, halafu soma tena: mwanangu, Kimya huyu huyu unayemjua, anafungua pazia kwenye jumba la maigizo la mjini!

Haya, sasa salamu. Hujambo? Watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila mimi sijalala vizuri kwa furaha, na shemeji yako hajalala kwa sababu yangu. Najua utasema si ungepiga simu. Simu maneno yake yanapotea hewani. Barua nakuandikia wewe, halafu kabla ya kuifunga naisoma tena kwa sauti nikiwa barazani, na kama kuna jirani anapita akasikia, basi hiyo si shauri yangu.

Nakunakilia maneno yake kama alivyoyaandika, usije ukasema dada yako anatia chumvi: "Mama, shikamoo. Nimeacha kukata tiketi kwenye ukumbi wa sinema. Jumba la maigizo wamenichukua. Katika mchezo wao mpya mimi ndiye ninayefungua pazia, na mimi ndiye ninayelifunga. Nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo."

Umeona? Anafungua na anafunga. Hao wengine wote wako katikati kama siagi kwenye mkate. Na wewe unasikiliza redio, unajua wenyewe wanavyosema: timu fulani inafungua pazia la ligi. Je, wanawapa timu ya mtaani? Wanawapa wakubwa. Pazia hawampi mtu wa hivi hivi.

Wifi yangu nimemwambia jana. Unamjua wifi, tangu mwanawe aanze kutangaza sabuni redioni hatupumui. Redio ikiwa kimya anasema mwanawe amekwenda kunywa maji. Nikamwambia, "Wifi, wako anasikika, wangu ataonekana." Akanitazama, akasema, "Kimya? Kwenye jukwaa? Atafanya nini huko?" Nikamjibu, "Njoo uone." Basi nimewaalika wote: wifi na mumewe, mtangaza sabuni, majirani wa pande zote mbili, na wewe na watoto. Tutatazama mchezo, halafu tutakwenda kula kwenye mgahawa wenye vitambaa mezani. Siku nitawaambia.

Mimi niliyeapa kwamba mapazia yaishie kwangu! Tangu usichana ninashona mapazia ya watu, nikasema mtoto wangu hatashika hata upindo. Na leo amelikamata pazia lenye heshima.

Dada yako mwenye raha,
Mama Mapazia


9 Juni

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma jikoni hapa shuleni, na wapishi wenzangu wameisikia yote, kwa hiyo baraza lako sasa limefika mpaka huku. Wanasema hongera. Mmoja ameuliza kama Kimya ameolewa, nikamwambia akoroge uji.

Nimefurahi, dada. Umenikumbusha enzi zetu, mimi na wewe na sinema ya Jumapili. Unakumbuka ulivyosimama ukampigia kelele yule kijana kwenye filamu, "Usifungue huo mlango, mpumbavu wewe!" mpaka mwenye tochi akaja kutumulika? Na yeye akaufungua, na wewe ukasusa filamu nzima, ukatazama ukuta. Halafu tunakwenda kula sahani moja watu wawili kwenye ile hoteli ya kona, mhudumu anatuletea vijiko viwili bila kuulizwa. Mimi nahesabu zile ndizo siku nilizokuwa tajiri.

Ila dada, nikuulize jambo moja bila ubaya. Ni Kimya huyu huyu? Huyu aliyekuwa akitumwa chumvi anarudi mikono mitupu kwa sababu aliona haya kumwita muuza duka? Nakumbuka nilipokuja kukaa kwenu, mtoto amekwenda kulala, analivuta lile pazia la mlango wa chumba polepole, halafu linasimama. Linabaki pengo la kiganja tu. Jicho moja linakutazama kwenye cherehani. Na wewe bila hata kuinua kichwa unasema, "Nimekuona, lala." Ndipo pazia linafungwa. Kila siku! Mtoto asiyeweza kuaga mama yake kwa mdomo leo anasema mbele ya ukumbi mzima?

Sikatai, watu hubadilika. Nauliza tu: mchezo unaitwaje, na yeye ni nani ndani yake? Hilo hujaniandikia, na wewe si mtu wa kuacha jambo la kujisifia.

Mdogo wako


Nyumbani, 14 Juni

Kimya wangu, pazia langu, taa ya mtaa huu!

Marahaba, mwanangu. Baba yako anakusalimu. Anasema maneno mawili, "Vizuri sana," na kwa kuwa unamjua, ujue hiyo kwake ni hotuba. Anasema pia atajitahidi asilale kwenye mchezo. Mimi nimemwambia akilala nitamchoma kwa sindano ya mapazia, ile ndefu.

Sasa nisikilize. Ukitoka mbele ya watu usiinamishe kichwa. Usijifunike mdomo kwa mkono kama ulivyo na tabia. Sema kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Asubuhi kunywa maji ya moto yenye asali, na usile pilipili siku ya mchezo. Ukisahau maneno, cheka, watu watadhani ndivyo ilivyoandikwa.

Ndani ya kifurushi hiki kuna gauni. Usiogope rangi. Nimechagua nyekundu inayowaka ili hata aliyekaa nyuma kabisa, hata mwenye macho mabovu kama shangazi yako, aseme yule pale. Vile vinavyometameta kifuani nimevishona kimoja kimoja kwa mkono. Mteja wangu wa mapazia ya sebuleni amekuja mara mbili nikamwambia arudi, mtoto wa watu anapanda jukwaani.

Shangazi yako anakuja. Wote tunakuja. Mama yako mdogo ananiuliza wewe ni nani kwenye mchezo. Nimemwambia mfunguzi wa pazia ndiye mkubwa, lakini niandikie jina la huyo unayemwigiza na maneno yake machache, nimwonyeshe. Nataka niwe nayajua. Ukisema wewe, na mimi midomo yangu inasema.

Mama yako,
ambaye sasa hivi akipita njiani watu wanasema, "Yule ndiye mama yake"


20 Juni

Mama mdogo, shikamoo.

Nakuandikia wewe kwa sababu kwa mama kalamu imegoma. Nimeanza barua tatu, zote zimeishia kwenye "Mama, shikamoo."

Mama mdogo, mimi navuta kamba.

Sina maneno. Simwigizi mtu. Nakaa pembeni ya jukwaa, gizani, nimevaa nguo nyeusi na viatu vya mpira ili nisionekane na nisisikike. Taa ndogo ikiwaka, nafungua pazia. Taa ikizimika, nafunga. Niliandika "ninafungua pazia" kwa sababu ndivyo nilivyo: nalifungua. Sikujua mama atasikia la redioni. Niliposoma barua yake kuhusu maji ya asali nilicheka, halafu lilipotoka lile gauni kwenye kifurushi nikalia.

Usidhani nalia kwa sababu ya kazi. Kazi naipenda, mama mdogo, sijui nikuelezeje. Watu wanadhani pazia ni kuvuta tu. Ukilifungua haraka, watu wanacheka kabla ya kichekesho. Ukilifungua taratibu, wananyamaza wenyewe, unasikia mpaka kiti kinavyolia. Kuna mzee mmoja, mlinda mlango, kila nikimaliza ananiambia, "Leo umelifunga vizuri." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nimefanya kitu vizuri nikiwa nimenyamaza. Siku zote wananiambia, "Ongea, mtoto!" Hapa nimenyamaza, na ndiyo kazi yenyewe. Baada ya mchezo tunakwenda wote kula kwenye mgahawa wa nyuma ya jumba, waigizaji, mpiga taa na mimi, tunagombania kitunguu cha mwisho kwenye sahani, na wao wanaongea kwa niaba yangu pia. Sijawahi kucheka hivi.

Lakini unajua mama alivyoapa. Mapazia yaishie kwake. Alikuwa akinipiga vidole nikigusa vitambaa vyake: "Toa mkono, hii si kazi yako, wewe utakuwa mtu wa kuonekana." Na sasa amealika mtaa mzima waje wanione, na mimi ndiye mtu pekee asiyeonekana. Shangazi atacheka mpaka mwaka ujao. Mama akifedheheka mbele yake, ataniambia niache, na nitaacha, kwa sababu sijui kumkatalia. Hilo ndilo ninaloliogopa. Si kicheko cha shangazi. Ni kuiacha ile kamba.

Tafadhali mzuie asije. Sema lolote.

Mwanao,
Kimya


26 Juni

Kimya mwanangu, marahaba.

Nimesoma barua yako nikacheka, nikajifuta macho, nikaunguza wali wa watoto wa shule. Pazia! Sisi wote tuna masikio, na hakuna aliyesikia neno lenyewe. Na mama yako, mwanamke anayelala na futi ya kupimia shingoni, yeye ndiye alipaswa kukumbuka kwamba pazia ni kitambaa!

Kumzuia mama yako siwezi. Hata treni haiwezi. Nilichoweza ni kumchelewesha: nimemwandikia kwamba wenye akili huenda kutazama mchezo karibu na mwisho, waigizaji wakiwa wamezoea, kwa hiyo awalete watu mwezi wa nane. Amekubali kwa sababu anataka ashone nguo za wote.

Lakini sitamwambia kwa niaba yako. Hili neno ni lako, mwanangu, hata kama ni fupi. Mwambie. Dada yangu ana maneno makubwa na moyo mkubwa zaidi ya hayo maneno. Ila usikawie. Namjua. Kitu kitamu hawezi kukiacha kabatini. Ataenda kukionja kabla ya wageni.

Mama yako mdogo


Nyumbani, 7 Julai

Mdogo wangu, nimemwona! Yaani sikumwona! Ngoja nianze vizuri.

Nilitoroka. Shemeji yako nilimwambia nakwenda mjini kununua uzi. Nikasema moyoni, hao wageni waje mwezi wa nane, lakini mimi niliyezaa nionje peke yangu kwanza, kimya kimya, nikae nyuma, nirudi. Nikavaa ile nguo yangu ya kijani. Nikafika kwenye jumba lenyewe. Si kubwa kama nilivyosimulia, lakini usimwambie wifi. Lina viti vya mbao, na mlangoni yuko mzee mmoja mwenye adabu, akanionyesha pa kukaa.

Pazia likafunguliwa. Nikajiambia, sasa hivi. Mchezo ni wa wazee wawili majirani wanaogombania ukuta, na kila mmoja ana watu wake. Akatoka msichana mwembamba, si yeye. Akatoka kijana, nikasema labda wamemvisha suruali, si yeye. Halafu akatoka mama mnene, mvi kichwa kizima, anaongea hajui kutua, anamtukana jirani mpaka ukumbi unavunjika kwa kicheko. Mdogo wangu, nikasema hawa watu ni mafundi! Wamemjaza pamba mwanangu, wamempaka unga kichwani, na ile asali yangu imefanya kazi! Nikapiga makofi peke yangu. Kulikuwa na bwana amekaa kando yangu, nikamgusa bega, nikamwambia, "Huyo mnene ni mwanangu."

Akanitazama. Akasema, "Mama, huyo ni mke wangu."

Nikasema, "Una hakika?"

Akasema, "Tuna watoto wanne."

Hapo nikakaa kama mtu aliyemwagiwa maji. Wakaingia wote, wakatoka wote, nikawahesabu, mwanangu hamo. Mdogo wangu, kila mtu alikuwa anacheka na mimi nilikuwa nafikiri: ameniongopea. Au wamemfukuza, na anaona haya kusema, na analala wapi? Nikamwona wifi mbele ya macho yangu. Nikasema nitainuka niende. Lakini kusema kweli nilitaka kujua huo ukuta utakuwaje.

Basi mwishoni mzee mmoja amebaki peke yake. Ukuta umeanguka. Anaweka vikombe viwili vya chai mezani, anakaa, anangoja kama mwenzake atakuja. Na pazia likaanza kufungwa. Mdogo wangu, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Likaja, likaja, halafu likasimama. Likabaki pengo la kiganja. Vile vikombe viwili tu vinaonekana, basi.

Nikainuka kwenye kiti. Kwa sababu mimi pengo lile nalijua. Mapazia nimeshona mangapi, sijui, lakini mtu anayelisimamisha pazia pale pale, kwa upana ule ule, ni mmoja tu duniani, na nimemzaa mimi. Na mdomo wangu, unajua sina breki, mdomo wangu ukasema wenyewe, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara:

"Nimekuona, lala!"

Pazia likatetemeka. Likakaa. Halafu likafungwa.

Watu walisimama! Walidhani nimo kwenye mchezo! Makofi, vifijo, yule bwana mwenye mke mnene ananipa mkono, machozi yanamtoka. Mimi nikakimbia huku na huku natafuta mlango, yule mzee wa mlangoni akanishika mkono akanipeleka nyuma. Nikamkuta amesimama na kamba mkononi, amevaa nguo nyeusi, amejikunyata, anangoja nimgombeze.

Akasema, "Mama, mimi navuta kamba tu."

Nikamwambia, "Hiyo 'tu' iondoe."

Halafu nikamkumbatia, na kamba ikiwa katikati. Nikaiona mikono yake: imekuwa migumu kama yangu. Ile mikono niliyokuwa naipiga isiguse vitambaa. Nilitaka awe mtu wa kuonekana, mdogo wangu, kumbe mtoto anataka kuwa mtu wa kuonyesha. Nani anamwonyesha mtu kitu kama halipo pazia?

Wakatuchukua wote tukale kwenye mgahawa wao wa nyuma. Nikamlazimisha avae lile gauni jekundu, kumbe analitunza pale pale nyuma ya jukwaa. Aliingia anawaka kama taa ya gari, na mpiga taa akaangusha uma. Nimeliona hilo na nimelinyamazia kwa sasa. Nikakaa karibu na yule mama mnene, nikamweleza nilivyomdhania binti yangu, akacheka mpaka akashika meza. Tulikula samaki mzima na kachumbari, na mimi nikaomba vijiko viwili kwenye sahani moja, mimi na Kimya, kama mimi na wewe zamani. Mwanangu aliongea, mdogo wangu! Aliongea sentensi nzima nzima! Alinieleza kamba, magurudumu, taa ndogo, mpaka chakula kikapoa.

Ila lile pazia lao, upindo umeliwa wote, linaburura chini kama mtu aliyechoka. Nimeshindwa kula nikilifikiria. Nimemwambia mwenye kundi lao la maigizo anipe vipimo.

Na wewe, mwizi mkubwa, Kimya ameniambia ulikuwa unajua. Eti "wenye akili huenda karibu na mwisho." Tutaonana.

Dada yako


22 Julai

Mama, shikamoo.

Pazia limefika. Walihitajika watu wanne kuliteremsha kwenye basi, na kondakta aliuliza kama ni hema. Tumelitundika leo. Mwenye kundi alisimama katikati ya ukumbi, akaomba nilifungue na kulifunga, halafu tena, halafu tena, kama mtoto. Mlinda mlango anasema sasa jumba limevaa.

Kwenye mkunjo wa kushoto, ndani, nimekuta kitambaa chekundu. Kipande kilichobaki cha gauni langu, umekishona pale pale mkono wangu unaposhika. Sikuonyesha mtu.

Mama, ulipopiga kelele siku ile, kamba ilikaribia kuniponyoka. Nilikuwa sijui kwamba ninaloacha ni lile pengo la nyumbani. Naapa sikujua. Mwenye kundi ndiye aliyekuwa ananisifia, "Unajuaje pa kusimama?" nami namwambia mkono unajua wenyewe. Kumbe kila nikifunga nilikuwa nangoja uniambie nilale.

Sasa kuna tatizo. Waliokuwepo siku ile wamewasimulia wenzao, na watu wanaokuja wanangoja ile sauti. Wiki iliyopita pazia liliposimama, ukumbi wote uligeuka kutazama nyuma. Mwenye kundi anauliza kama unaweza kuja siku ya mwisho. Anasema atakupa kiti na jina lako litaandikwa mlangoni, mara mbili: mshonaji wa pazia, na sauti ya nyuma.

Nimemwambia sitaki kukuomba jambo kubwa hivyo. Wote wamecheka. Sijui walicheka nini.

Mpiga taa anakusalimu. Usiulize.

Mwanao,
Kimya


Nyumbani, 29 Julai

Wifi yangu, jina langu linaandikwa mlangoni kwenye jumba la maigizo! Mara mbili!

Sasa, hujambo wifi? Mtangaza sabuni hajambo? Nilimsikia juzi, sauti imekolea, mpe hongera. Nakuandikia wewe kwanza, na uisome kwa majirani wote wa upande wako, maana upande wangu nimeshaisoma mwenyewe.

Lile ulilonong'ona sokoni, kwamba Kimya hayumo kwenye mchezo, kwamba anavuta kamba, nimelisikia, na nakushukuru kwa kunisaidia kulitangaza. Ni kweli tupu. Nilikwambia mtoto wangu ataonekana. Nilikosea. Hataonekana hata kidogo. Ukimwona, ujue amekosea kazi. Wa kwako anasikika na haonekani, wa kwangu haonekani wala hasikiki, basi tuwe ndugu.

Lakini nikwambie utakachokiona. Utaona watu wazima wamenyamaza bila kuambiwa, kwa sababu mwanangu ameshika kamba. Utaona pazia la bluu iliyoiva, kitambaa kilichojaza nyumba yetu na uani na bado kikatokea njiani, kaka yako akalala chini yake mchana kutwa tukamtafuta. Upindo wake nimeupinda mara mbili kwa mkono. Mama amelishona, binti analivuta. Nilisema mapazia yaishie kwangu. Naona ndiyo kwanza yanaanza.

Mwishoni pazia litasimama. Litabaki pengo la kiganja. Usikohoe wifi, wala usiulize "imeisha?" kwa sauti kama ulivyofanya kwenye ile filamu. Utasikia mtu anapiga kelele kutoka nyuma. Usigeuke kutafuta ni nani. Utakuwa unajua.

Kisha wote tunavuka uchochoro tunaingia mgahawa wa nyuma. Wana vitambaa mezani sasa, nimewashonea. Kaka yako ameahidi kukaa macho mpaka samaki aletwe. Mdogo wangu anakuja na watoto wake na wapishi wenzake wa shule, wote, hata yule aliyeuliza kama Kimya ameolewa, ambaye nasikitika amechelewa kidogo. Waigizaji watakuwepo, na yule mama mnene nimemwekea kiti karibu nawe, kwa kuwa ndiye mtu pekee ninayemjua anayeweza kuongea kukushinda.

Vaeni vizuri, mje mapema, milango ikifungwa haifunguliwi hata kwa shangazi wa mvuta pazia. Nawangoja nyote, upande wako na upande wangu, Jumamosi ya tarehe kumi Agosti, saa kumi na mbili jioni.